Kidole Kilichochelewa Kunyanyuka

Mwanamke aliyenishonea suti yangu ya kwanza hapa Johannesburg alipoteza sauti kabla ya kupoteza mikono. Ugonjwa ulianzia kwenye ulimi. Akawa anaongea kama mtu mwenye kiazi cha moto mdomoni, na baadhi ya watu kanisani wakanong'ona kwamba ameanza kunywa. Baadaye koo, kisha mkono wa kulia, ule wa mkasi. Daktari alieleza kwamba neva zinazoendesha misuli zilikuwa zinakufa moja baada ya nyingine, na kwamba akili haiguswi. Binti yake aliponipa maelezo hayo, hilo la akili alilitaja mwisho, kwa sauti ya chini, kama ndiyo habari mbaya kuliko zote.

Walikuwa wakiishi Rosettenville, nyumba ya vyumba viwili, na cha mbele kilikuwa karakana ya ushonaji. Yeye alitoka Lubumbashi. Binti alizaliwa hapa, alikuwa mwaka wa pili chuoni, na alielewa Kiswahili cha mama yake chote lakini akijibu kwa Kiingereza, kama watoto wengi waliozaliwa huku. Mimi ni Mkenya, naandika programu za kompyuta katika benki moja, na naishi upande wa kaskazini wa mji. Tulikutana kwenye ibada ya Jumapili ya Kiswahili, ambapo Wakongo, Wakenya, Watanzania na Warundi huimba wimbo mmoja, kila mtu kwa maneno ya kwao, na hakuna anayeona ajabu.

Nilikwenda kumwona Jumamosi moja asubuhi. Alikuwa kwenye kiti chenye mikono karibu na dirisha, cherehani mbili zimefunikwa shuka nyuma yake. Kilichobaki kutii ni macho na kidole gumba cha mkono wa kushoto. Binti alishika kadibodi aliyoiandikia alfabeti na kuipitisha kalamu herufi baada ya herufi. Mama alipokubali herufi aliangalia juu, alipokataa alifumba macho. Njia hiyo ilimchosha haraka. Kope zilianza kushuka zenyewe, na binti hakuweza kujua kama ni hapana au ni uchovu. Nilihesabu dakika tisa. Walipata herufi mbili, kisha mama akaanza kulia bila sauti.

Binti alinisindikiza mpaka kwenye gari.

"Kuna kitu anataka kusema, anko," aliniambia. "Si maji, si dawa, si kugeuzwa. Nimeuliza vyote hivyo. Ni kitu kingine. Na mimi naona kidole kinaisha."

"Hospitali wanasemaje?"

"Wameandika jina lake kwenye orodha ya mashine ya kuongea. Eish, orodha. Watu walio juu yake ni wengi."

Walikuwa wamejaribu programu mbili za simu. Kioo cha simu kinataka mguso mwepesi na wa haraka. Kidole chake kilitua na kukaa, na simu ikadhani anataka kufuta.

Nilimwambia nitaandika programu mimi mwenyewe. Nilisema, na nakumbuka maneno, kwamba hiyo ni kazi ya jioni moja.

Wazo lilikuwa rahisi. Kompyuta ionyeshe herufi kubwa moja moja, zikipita polepole. Inapofika herufi anayoitaka, mama abonyeze kitufe kirefu cha chini kwa kidole gumba. Herufi ijiandike juu, na msururu uanze upya. Kwa kuwa herufi inayotumika kuliko zote katika Kiswahili ni A, nilihesabu herufi za kurasa kadhaa nikazipanga kwa wingi wake: A mbele, kisha I, kisha N, U, K. Y ilikuwa ya kumi na tano. Nilijisifu kwa mpangilio huo.

Ni lazima nieleze kidogo kuhusu kazi yenyewe, kwa sababu yote yaliyofuata yalitoka humo. Kila lugha ya programu huja na maktaba yake sanifu, yaani vifaa ambavyo unavikuta humo tayari bila kutafuta kwingine, kama fundi anayenunua sanduku la vifaa likiwa na nyundo na bisibisi zake. Lugha niliyoitumia ina sanduku kubwa sana. Kuna kifaa cha kuhesabu siku, cha kusoma barua pepe, cha kufunga mafaili kwa siri. Lakini kwa programu inayozungumza na mtu uso kwa uso, kifaa cha kwanza unachokikuta humo ni kimoja tu: kinauliza swali, kisha kinasimama. Hakifanyi lolote lingine mpaka mtu aandike jibu na kubonyeza kitufe cha Enter. Waliokitunga walimfikiria mtu mwenye vidole kumi anayeandika sentensi yake, anaimaliza, kisha anatangaza kwamba amemaliza. Kwa kifaa hicho, mtu ambaye hajatangaza kwamba amemaliza hajasema kitu.

Herufi zangu hazikuweza kupita huku programu ikimsubiri. Ikisubiri, herufi zinaganda. Herufi zikipita, hakuna anayesikiliza kitufe.

Jioni ya kwanza iliisha hivyo. Ya tatu nilipata njia. Ndani ya sanduku lile lile kuna kifaa kingine, kidogo na chenye maelezo machache, kinachoweza kuchungulia kama kitufe kimebonyezwa bila kusimamisha kazi. Nilikijaribu nyumbani, kikafanya kazi vizuri. Jumamosi nikaenda Rosettenville na programu yangu kwenye flashi.

Kompyuta yao ilikuwa ya zamani, ya msaada kutoka kanisani, na mfumo wake haukuwa sawa na wa mashine yangu. Nilipoifungua programu, ilitoka mistari mitatu ya maandishi mekundu: kifaa hicho hakipo. Maktaba iliitwa sanifu, lakini kilichokuwemo kwangu hakikuwemo kwao. Nilikuwa nalijua jambo hilo, kama mtu anavyojua kitu alichokisoma zamani na hakijawahi kumhusu.

Mama alikuwa akiangalia uso wangu, si kioo.

"Kwako inafanya kazi?" binti aliuliza.

"Kwangu inafanya."

"Basi tumbebe mama tumpeleke kwako."

Aliyecheka ni mwanamke wa tatu aliyekuwamo chumbani, Mtanzania aliyekuja kila siku isipokuwa Jumapili kutoka Joubert Park kumwogesha mama, kumlisha na kumgeuza. Alikuwa mtu wa maneno. "Wakenya bwana," alisema. "Gari linawaka gereji tu."

Nilirudi Jumamosi iliyofuata na toleo jingine, lililotumia kifaa cha mfumo wa kompyuta yao. Hilo liliwaka. Tuliweka ubao mdogo juu ya paja lake, kompyuta mbele, kidole gumba juu ya kitufe. Herufi zikaanza kupita. M ilipofika, kidole kikashuka.

Neno lake la kwanza baada ya miezi lilitoka hivi: MAAYAIA.

Nilichelewa kuona kilichotokea. Kidole kilikuwa na nguvu ya kushuka lakini si ya kunyanyuka haraka. Akishachagua herufi, msururu unarudi mwanzo, kwenye A, na kidole bado kiko chini. Kompyuta inaona kitufe kimebonyezwa tena, inaandika A. Niliondoa kichwani zile A za ziada. Ikabaki MAYI.

"Mayai?" nilisema.

"Mayai gani?" alisema Mtanzania. "Uji wenyewe namchujia. Ale mayai, umzike wewe?"

"Mayi," alisema binti. "Maji, anko. Kwao wanasema mayi."

Mama alitoa pumzi mbili fupi puani. Binti aliniambia huko ndiko kucheka. Tulimpa maji kwa sindano ya plastiki, tone kwa tone, na kwa saa nzima nilikuwa mtu muhimu katika nyumba ile.

Usiku uleule nilitafuta namna ya kuifanya programu ijue lini kidole kimenyanyuka. Haikuwepo. Vifaa vile vya maktaba vinakwambia kitufe kimebonyezwa. Kwamba kimeachiliwa, havisemi. Mtu aliyekandamiza kwa muda mrefu na mtu aliyebonyeza mara nyingi, kwao ni mtu mmoja. Kulikuwa na vifaa vya nje, vya watu wanaotengeneza michezo, vinavyojua kuachilia. Nilivipakua, na kompyuta ile kongwe ikavikataa kimoja baada ya kingine. Ningeweza kununua kompyuta nyingine. Nilifikiria hivyo, na nikajiambia kwanza nijaribu akili.

Akili yangu ilikuwa hii: A yoyote itakayoingia haraka mno baada ya herufi nyingine, programu iifute. A ya kweli, nilijiambia, ataingoja mzunguko wa pili.

Lakini A ilikuwa herufi ya kwanza. Kila A aliyoitaka aliibonyeza mara tu ilipotokea, na programu ikaifuta. Kungoja mzunguko mzima kwa ajili ya herufi iliyokuwa mbele yake tangu mwanzo kulikuwa kumwomba mtu anayezama angojee wimbi zuri. Hakungoja. Aliandika bila A, na binti akajifunza kuzirudisha. DW ilikuwa dawa. BRIDI ilikuwa baridi. CHI ilikuwa chai, aliyoitaka kwa harufu tu, maana hakuweza tena kuinywa. Binti alinitumia ujumbe: programu inatosha, tunaelewana, asante anko. Kazini tulikuwa na shughuli nyingi wiki hizo. Nikaiacha ilivyo.

Alhamisi moja mchana binti alinipigia. Nilikuwa garini, kwenye robot nyekundu, kama wanavyoziita hapa taa za barabarani.

"Tangu jana anaandika YY," alisema. "YY tu. Tena na tena. Nikaweka A, ikawa yaya. Nikamuuliza, mama, ni yaya? Akaangalia juu. Ndiyo, ndiyo. Anko, yaya ni nini?"

Nilimjibu kabla robot haijageuka. Nilimwambia yaya ni mfanyakazi wa nyumbani, mwanamke anayelea watoto. "Anamtaka dada yule anayemhudumia," nilisema. "Labda huwa anachelewa. Labda anataka awepo na Jumapili."

Mimi ni mtu wa kuhakikisha. Kazini sipitishi kitu bila mtu wa pili kukiangalia. Kwa hiyo nilimpigia yule mwanamke wa Tanzania, nikamuuliza neno yaya kwao lina maana gani.

"Yaya si mlezi wa mtoto?" alisema. "Kwani nyie mnasemaje?"

"Sisi pia tunasema hivyo."

"Ndiyo hivyo. Lakini mimi si yaya. Yaya ni wa mtoto mchanga. Mwambie aniite dada, nina umri wangu."

Mashahidi wawili wa nchi mbili, na jibu moja. Nililala nikiamini jambo limekwisha.

Jumamosi nilikuta wamepanga upya siku za mhudumu. Sasa angekuja na Jumapili baada ya ibada. Alikuwa amekaa mbele ya mama, amevaa kitenge kipya, mikono mapajani, kama mtu aliyeitwa kupigwa picha.

"Nipo, mama," alisema. "Umeniita, nimekuja. Sema."

Mama alifumba macho.

"Unamtaka yaya?" aliuliza binti.

Macho yakafunguka, yakaangalia juu. Ndiyo.

"Huyu hapa."

Yakafumba.

"Humtaki huyu?"

Yakafumba tena, kisha yakafunguka na kwenda mlangoni.

"Unataka atoke?" nilisema.

Yakafumba, yakakaa hivyo muda mrefu, na machozi yakatoka pembeni.

Tulirudia maswali yale mara tatu, kwa mpangilio tofauti, mimi nikiandika majibu kwenye daftari. Nina daftari hilo bado. Nimeandika: *Anamtaka yaya — ndiyo. Huyu ni yaya — hapana. Mara tatu. Majibu yanagongana.* Chini yake nimepiga mstari.

"Mimi nimemkosea nini?" alisema mhudumu pale jikoni, na safari hii hakuwa na utani. "Namwogesha, namfuta. Leo ananifumbia macho kama mchawi."

Wiki ileile muuguzi wa kliniki alipita. Binti alimweleza kuhusu majibu yanayogongana. Muuguzi alisema pumzi inapopungua, damu haipati hewa ya kutosha, na mgonjwa anaweza kuchanganyikiwa, kulala ovyo, kung'ang'ania neno moja. Alisema kwa upole. Maelezo hayo yalitufaa sote. Nilikuwa na programu yenye kasoro, nikapewa mgonjwa mwenye kasoro, na ya pili ikafunika ya kwanza. Kuanzia hapo, macho ya mama yalipokwenda mlangoni tuliangaliana.

Hata hivyo, programu niliirekebisha, kwa sababu siwezi kuacha kitu kinachovuja. Niliondoa ujanja wa kufuta A. Badala yake, kila herufi ikishachaguliwa, kioo kilikuwa cheusi kwa sekunde mbili, na mibonyezo yote iliyojipanga foleni wakati huo ikamwagwa kabla msururu haujaanza. Ilikuwa mistari minne. Ningeweza kuiandika tangu wiki ya kwanza.

Herufi zikatoka safi. Lakini kidole kilikuwa kimefika ukingoni. Jumatano iliyofuata binti alinitumia picha ya kioo: YAYA AKUY. Aliandika chini yake, *nadhani amesinzia kwenye kitufe.* Nami nilidhani hivyo. Niliangalia AKUY nikaona A na K na U, ambazo zote ziko mwanzoni mwa msururu, mahali kidole kilichochoka kingeangukia bila kukusudia. Ile Y ya mwisho sikuipa maelezo. Ili kuifikia Y alilazimika kuacha herufi kumi na nne zipite, sekunde zaidi ya ishirini, kidole kikiwa hewani. Mtu haangukii Y kwa bahati. Y alikuwa ameichagua mara tatu katika mstari mmoja, na mimi, niliyeipanga ya kumi na tano kwa mkono wangu, sikuhesabu.

Ijumaa kidole hakikushuka. Tulijaribu kidole cha shahada, shavu, mguu. Kompyuta ikarudi kwenye sanduku lake. Wiki tatu baadaye, asubuhi, mhudumu alifika akamkuta binti ameketi kitandani, ameshika ule mkono wa kushoto, na hakuna haja tena ya kumgeuza mtu.

Matanga yalikuwa pale pale Rosettenville. Cherehani zilisogezwa ukutani, viti vya kanisa vikaletwa kwa bakkie, yaani pikapu, wanawake wakajaa. Mchana wa siku ya pili aliingia mama mmoja wa makamo, msusi, wa Lubumbashi pia, ambaye hakuwa wa kanisa letu. Alilia, akanyamaza, akajifuta, akaangalia watu waliokuwa wameketi. Kisha akaniuliza mimi, kwa kuwa nilikuwa na orodha ya wageni mkononi.

"Na yaya yake? Bamemuita?"

"Yaya yuko jikoni, mama," nilimjibu. "Anachemsha chai."

Alikwenda jikoni. Nilimwona akichungulia, akarudi.

"Ule ni Mutanzania," alisema. "Mi nauliza yaya yake. Mukubwa yake. Ule kaka mwenye iko Malvern."

Nakumbuka kwamba nilikuwa nimeshika kalamu, na kwamba niliiweka chini taratibu mahali pake. Nilimuuliza, kwao, yaya ni nani. Akanishangaa kama mtu aliyeulizwa maji ni nini.

"Mwenye alikutangulia kuzaliwa," alisema. "Kaka, dada, yote ni yaya. Nyinyi mukubwa yenu munamuita nani?"

Binti alikuwa amesimama nyuma yangu. Alimjua mjomba huyo kwa kumsikia tu. Mama yake na huyo kaka hawakuwa wamezungumza tangu yeye akiwa mdogo, na nyumbani hakutajwa kwa jina wala kwa yaya. Alitajwa, inapobidi, kama "ule wa Malvern". Sababu ya ugomvi nilikuja kuelezwa mara mbili, na maelezo hayakufanana, nami sikutafuta ya tatu. Neno lenyewe, binti hakuwahi kulisikia kinywani mwa mama yake, kwa sababu mtu wa kuitwa hivyo hakuwa akiitwa.

Msusi alikuwa na namba yake. Kutoka Malvern hadi Rosettenville si mbali. Alifika chini ya saa moja.

Alikuwa mzee kuliko nilivyotegemea, mrefu, koti limevaliwa haraka juu ya nguo za kazi. Anauza matairi ya mtumba kwenye Jules Street, na weusi wa mpira ulikuwa umekaa kwenye mistari ya viganja vyake. Hakulia. Aliomba kuona mahali dada yake alipokuwa anakaa, binti akamwonyesha kiti cha dirishani. Alisimama mbele yake, hakukikalia.

"Alisema kitu?" aliuliza.

Binti aliniangalia. Nilitoa kompyuta kwenye sanduku nikaiwasha. Nilikuwa nimeiwekea programu mazoea yangu ya kazini: kila kilichoandikwa kilihifadhiwa kwenye faili, mstari kwa mstari. Nilimfungulia mjomba faili hilo, nikampisha.

Alisoma kwa kidole kwenye kioo, akishuka. YY. YY. YY. YAYA. YAYA. Alifika mstari wa mwisho.

"Yaya akuye," akasoma.

Alisoma bila kusita, kama mtu anavyosoma bango la duka, na ile E ambayo haikuwepo akaiweka mwenyewe. Akuye: aje. Neno zima, limekosa herufi moja, lilikuwa limekaa kwenye simu yangu karibu mwezi mzima kama picha ya mtu aliyesinzia.

"Anasema nikuye," alimwambia binti, kana kwamba binti ndiye aliyehitaji kutafsiriwa. Kisha akanigeukia. "Ni wewe ulitengeneza hii?"

"Ni mimi."

"Na juu ya nini hamukuniita? Niko Malvern tu. Miaka yote niko Malvern."

Nilimweleza. Nilianza na yaya wa Kenya na yaya wa Tanzania, nikafika kwenye A zilizofutwa, kwenye kompyuta inayojua kubonyeza na isiyojua kuachilia. Nilisikia sauti yangu ikipangilia mambo vizuri, hatua kwa hatua, kama ninavyoeleza hitilafu kwenye mkutano wa kazini, ambapo ukishaeleza vizuri unasamehewa. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Basi mulizania anaita mutu wa kazi," alisema.

"Ndiyo."

"Na ule mutu wa kazi mukamuleta."

"Tulimleta. Tukamkalisha mbele yake."

Alifunga kompyuta kwa kiganja, polepole. Jikoni mhudumu alikuwa ameacha kuosha vikombe, alikuwa akisikiliza.

"Sasa uniambie kitu kimoja tu," alisema. "Alijua kama hamukumusikia?"

Kwao kusikia ni pamoja na kuelewa. Hilo nilikuwa nimeshajifunza. Ningeweza kumwambia habari ya muuguzi, ya pumzi kupungua na akili kufifia, na huenda ingemfaa kama ilivyotufaa sisi. Binti alikuwa ananitazama. Nikamwambia ndiyo, alijua. Kila tulipomwonyesha yule mwanamke na kumwambia huyu hapa, alifumba macho, kisha akaangalia mlangoni.